Uso unawasha? Pitia hapa kabla hujanunua tyubu

Wakuu, kila wiki naulizwa, "Uso unaniwasha, nipake nini?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamleta hapa.

1. Acha losheni, poda na manukato yote wiki mbili.

2. Nawa kwa sabuni ya kuogea isiyo na harufu. Sabuni ya mche ni ya nguo.

3. Uso ukiwa bado na unyevu, paka mafuta ya mgando kidogo.

4. Usipake tyubu ya muwasho kabla hujajua unatibu nini. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilitokwa na kiduara shavuni, kama sarafu. Duka la dawa wakanipa krimu ya betamethasone, dawa ya aina ya steroidi. Siku ya tatu muwasho kwisha, nikashukuru Mungu. Wiki ya tatu duara limefika sikioni, na nikiacha kupaka uso unawaka kama umepakwa pilipili. Daktari wa ngozi alikwangua magamba, akayatazama kwa hadubini: fangasi. Steroidi inatuliza muwasho huku fangasi wanasambaa, na ngozi inakuwa nyembamba. Soma boksi: ukiona betamethasone au clobetasol, usipake usoni bila kuandikiwa. Umepaka miezi? Usiache ghafla, muone daktari. Mikorogo mingi ina dawa hizo hizo.

5. Vile ulivyoacha hatua ya 1, rudisha kimoja kimoja. Kijaribu kwanza ndani ya kiwiko, kutwa mara mbili, siku saba.

Midomo ikivimba au pumzi ikibana, kimbia hospitali.

Maswali

*Kwa hiyo nipake nini?*
Hatua ya 3. Soma, ndugu yangu.

*Mbona mimi natumia tyubu miaka yote na sijadhurika?*
Sijasema kila mtu hudhurika. Nimesema usoni, bila kujua unatibu nini. Kosa hilo mimi nimeliuguza miezi mitatu.

*Dada, nauza dagaa Mwaloni Kirumba. Nimeamka na mstari mwekundu toka shingoni hadi shavuni, una malengelenge, unachoma kuliko kuwasha. Dagaa wamenikataa?*
Umeeleza vizuri sana, pole. Mstari wa kuamka nao hivyo, mara nyingi ni kile kidudu chembamba chekundu na cheusi kinachofuata taa msimu wa mvua, wengine wanakiita Nairobi fly. Hakiumi. Ukikisaga, majimaji yake ndiyo yanayounguza, na kidonda huonekana kesho yake au keshokutwa. Kipulize, usikipige. Kikisagika, osha kwa sabuni papo hapo, na mkono usifike machoni. Kama jicho limeguswa, nenda hospitali leo.

*Sisi Igombe tunazima taa ya barazani mapema na kukung'uta shuka kabla ya kulala.*
Asante, hiyo naiongeza. Foronya pia, mabaki ya mafuta ya nywele ndiyo yaliyokuwa yanamwasha mwanangu kwenye paji. Tunafua kila Jumamosi sasa.