Somo: Namna ya kuandaa dosye ya kijana wa Idjwi kwa programu za kimataifa

Jambo kwenu wote. Wiki hii nimepigiwa simu mara tano na watu wa Idjwi, kile kisiwa cha Ziwa Kivu, wanaoishi hapa Bukavu. Wananiita yaya, yaani mkubwa wao, na swali ni lile lile: "Yaya, mdogo wangu yuko kisiwani, naye afanye nini apate nafasi kama za vijana wa mjini?" Nimechoka kurudia kwa mdomo, basi naandika. Nina sekretaria ndogo ya kuchapa na kuskani karatasi hapa Nyawera, mashine mbili na skana moja, na dosye nyingi, yaani mafungu ya karatasi za maombi, zinazovuka ziwa zinapita mezani pangu.

Niseme mapema: vijana wa Idjwi hawaangushwi na akili. Wanaangushwa na karatasi na saa. Tangazo linatoka leo, linafungwa baada ya wiki tatu, na karatasi moja ya kufuata Bugarula, kwenye ofisi za serikali za kisiwa, inaweza kumeza wiki hizo zote. Dosye inaanza kabla ya tangazo.

Hatua ya 1: Jina liwe moja

Hapa nitakaa, maana ndipo wengi wanapozama. Siku moja nilitandika mezani karatasi za kijana mmoja. Diploma ya Serikali inasema Cirhuza. Kadi ya mchaguzi inasema Chiruza. Cheti cha ubatizo kinasema Ciruza. Kwa masikio yetu ni mtu mmoja, lakini kwa mtu anayesoma dosye akiwa Addis Ababa au Brussels ni watu watatu, na hana muda wa kuuliza. Leo, kabla hujafanya lolote, panga karatasi zako zote na usome jina herufi kwa herufi. Ukikuta tofauti, anza kuisahihisha sasa, usingoje upate jibu zuri.

Halafu kuna visanduku. Fomu za nje zina viwili: jina la ukoo na jina la kwanza. Sisi Wakongo tuna matatu. Hii postinomu yetu, jina linalofuata jina la ukoo, ilitujia enzi za Mobutu, majina ya Kikristo yalipopigwa marufuku mwaka 1972. Baadaye yakarudi, nayo ikabaki. Basi iingie kisanduku gani? Usikisie. Kama una pasipoti, tazama mistari miwili ya chini kwenye ukurasa wa picha, ile yenye alama nyingi za <<<. Baada ya herufi COD, yaani Kongo yetu, kinachotangulia alama mbili << ni jina la ukoo, kinachofuata ni majina mengine. Jaza fomu hivyo hivyo, hata kama nyumbani mnaita kinyume. Kama huna pasipoti, chagua mpangilio mmoja, uandike kwenye daftari, na uufuate kila mahali.

Hatua ya 2: Karatasi tano

Kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, diploma au hati ya kufaulu, CV ya ukurasa mmoja, na barua ya mtu anayekufahamu kazini au shuleni. Skani kila moja peke yake, upe faili jina linalosomeka, ujitumie kwa barua pepe yako mwenyewe. Simu inaanguka ziwani. Barua pepe haianguki.

Hatua ya 3: Chagua mlango unaokutosha

Watu wanakimbilia kusafiri. Mimi nashauri uanze na mlango usiohitaji boti wala ndege. Umoja wa Mataifa una kazi za kujitolea kwa njia ya intaneti kuanzia miaka 18: kutafsiri, kuchora, kupanga takwimu. Kijana anayejua Kiswahili na Kifaransa vizuri ana cha kutoa pale, na cheti chake kinajaza CV iliyokuwa tupu.

Kwa mwenye biashara, hata ya mananasi, kuna Tony Elumelu Foundation, mfuko wa kusaidia wajasiriamali wa Afrika. Wanafungua maombi tarehe 1 Januari na kufunga tarehe 1 Machi, Kifaransa kinakubalika, na anayeteuliwa hupata mafunzo na dola 5,000 za kuanzia. Umoja wa Afrika una kikosi cha vijana wa kujitolea, miaka 18 hadi 35. Francophonie, jumuiya ya nchi zinazotumia Kifaransa, nayo ina chake, miaka 21 hadi 34. Mwenye shahada ya kwanza atazame Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya, masomo ya shahada ya pili, ambayo hulipa euro 1,400 kwa mwezi kwa wanaopata ufadhili. Maombi mengi huwa kati ya Oktoba na Januari. Usijaze zote. Mbili zilizofanywa vizuri zinatosha kwa mwaka.

Hatua ya 4: Barua ya motisha

Ni barua ya kueleza kwa nini unaomba nafasi. Nimechapa nyingi zinazoanza: "Mimi ni kijana mwenye bidii kutoka nchi iliyoharibiwa na vita." Kila mtu wa Kivu anaandika hivyo, na kwa mtu wa Idjwi ni kuvaa koti la jirani. Kisiwa chenu kilipona mengi yaliyotupata sisi wa nchi kavu. Njaa ya ardhi mnayo, ugonjwa wa migomba mnao, wakimbizi mmewapokea. Andika hayo.

Barua nzuri kuliko zote nilizochapa ilitoka kusini, karibu na Monvu. Kijana aliandika kwamba baba yake alikuwa akivusha kahawa usiku kwa mtumbwi kwenda kuiuza upande wa Rwanda, na nyumbani hawakulala mpaka wasikie kasia. Kisha akaandika kwamba yeye, mtoto wa mkulima wa kahawa, hajawahi kuonja kahawa ya shamba lao, na anataka kujifunza kuonja ili ajue wanunuzi wanalipia nini. Basi. Niliacha kuchapa nikaisoma tena. Usitaje umaskini kwanza. Taja kitu ambacho mtu asiye wa kisiwani hawezi kukijua.

Hatua ya 5: Saa

Hapa kosa lilikuwa langu. Tangazo moja lilisema linafungwa saa 12:00 ya Brussels. Kijana alikuwa kisiwani hana mega za intaneti, nikamsomea kwa simu, na kwa haraka nikamwambia "saa kumi na mbili". Akapanda kilima chenye mtandao saa kumi na moja jioni, dosye tayari, moyo mkunjufu. Mlango ulikuwa umefungwa tangu saa saba mchana. Hajanilaumu hata leo, na ndilo linaloniuma.

Kwa hiyo: saa ya GMT iko nyuma yetu kwa saa mbili. Wakiandika 23:59 GMT, kwetu Bukavu na Idjwi inakaribia saa nane za usiku. Brussels iko nyuma yetu kwa saa moja wakati wa baridi yao, na wakati wa joto tuko sawa. Lakini wewe tuma siku tatu kabla, maana mvua ikikaa kwenye kilima chako na sola isipochaji, hesabu zote hizo ni bure.

Hatua ya 6: Safari

Fupi tu. Ukichaguliwa, waulize mara moja nani analipa visa na tiketi, na wakujibu kwa maandishi. Visa za Ulaya hazitolewi Bukavu. Wengi huenda Kinshasa, na tangu Februari 2025, ndege zilipoacha kutua Kavumu, uwanja wa ndege wa Bukavu, njia hiyo imekuwa ndefu na ghali. Kadi ya njano ya chanjo usiisahau nyumbani.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwana wa Ziwa: Wazazi wangu hawakuniandikisha nilipozaliwa. Sisi ni Bambuti, wale mnaowaita mbilikimo, hapa kwetu wengi tuko hivyo. Nimechelewa?

Jibu: Hujachelewa, ndugu yangu. Sheria inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto bure. Zikipita, njia ni mahakama, kile watu wa biro wanachoita jugement supplétif, yaani hukumu inayochukua nafasi ya kuandikishwa kwa wakati. Nenda na watu wawili wanaojua ulivyozaliwa, na uulize gharama zote kabla hujatoa hata faranga. Anza na hili, mengine yangoje.

Nanasi Tamu: Kuna bwana anasema nimpe dola 50 aingize jina langu kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya. Nimpe?

Jibu: Usimpe. Programu zote nilizotaja hapo juu kuomba ni bure. Utalipa skana na mega, basi. Na akikuomba nywila ya barua pepe yako, kata simu.

Binti wa Kusini: Nina miaka 19. Mama anasema msichana hatumwi nchi asiyoijua.

Jibu: Mama hajakosea, wasichana wamedanganywa njia hii. Usibishane naye. Anza na kazi ya intaneti ukiwa nyumbani, akuone ukiifanya. Siku nafasi ya safari ikija, mletee mwaliko wenye anwani na simu, na mwalimu wako apige mbele yake.

Mzee wa Kahawa: Mwanangu, unawafundisha kuondoka. Nani atabaki kuchuma?

Jibu: Baba, swali lako nimelilala nalo siku mbili. Kati ya niliowachapia, wapo waliorudi na wapo wanaotuma salamu tu. Siwezi kukuahidi. Yule wa kuonja kahawa, ninachojua, bado yuko shambani kwa baba yake, anajibiwa mwezi ujao.

Kilima Kirefu: Yaya, sina skana huku. Picha ya simu inafaa?

Jibu: Inafaa. Weka karatasi juu ya meza nje asubuhi, isiwe juani, simama juu yake wima, pembe zote nne zionekane. Ikishindikana, mpe mtu unayemwamini wa boti ya asubuhi, iwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mara mbili. Nitaskani siku hiyo hiyo na karatasi itarudi na boti inayofuata.