Namna ya Kupima Kazi ya Mwanasayansi Aliyevuka kutoka Fizikia hadi Biolojia ya Seli

Kamati za kupandisha wahadhiri vyeo, wafadhili wa utafiti na wanafunzi wanaotafuta msimamizi hupewa orodha ya machapisho ya mtu na kutakiwa waseme kazi yake ina uzito gani. Ugumu huongezeka pale mtu huyo anapokuwa ameanzia kwenye fizikia akaishia kwenye maabara ya seli, kwa kuwa nyanja hizi mbili hazinukuu kwa kiwango kimoja wala hazipangi majina ya waandishi kwa utaratibu mmoja. Mfano wa Eric Betzig unatufaa hapa: ni Mmarekani aliyesomea fizikia, akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2014 pamoja na Stefan Hell na William Moerner kwa kuiwezesha hadubini ya mwanga kuona vitu vidogo kuliko ilivyodhaniwa kuwezekana.

Kwanza hakikisha kwamba machapisho yaliyoorodheshwa ni yake kweli. Namba ya ORCID, yaani namba ya utambulisho wa mtafiti yenye tarakimu 16, hurahisisha jambo hili. Asipokuwa nayo, linganisha taasisi alizofanyia kazi na waandishi wenzake mwaka baada ya mwaka. Aliyebadili nyanja huwa katika hatari ya kugawanywa na kanzidata za machapisho kana kwamba ni watu wawili.

Kisha chagua kanzidata moja na uishikilie. Google Scholar hukusanya hata tasnifu na makala ambazo bado hazijapitiwa na wataalamu, ilhali Scopus na Web of Science huchuja majarida, kwa hiyo idadi ya Google Scholar kwa kawaida huwa kubwa zaidi, na kuzichanganya huharibu ulinganisho wote.

Fahirisi ya h, iliyopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, hupatikana kwa kupanga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi, kisha kutafuta namba kubwa kabisa h ambayo makala h zimenukuliwa angalau mara h kila moja. Tuseme mtu ana makala tano zilizonukuliwa mara 50, 20, 9, 4 na 2: fahirisi yake ni 4, kwa kuwa makala nne zimenukuliwa angalau mara nne kila moja. Mwenzake mwenye makala nne tu, kila moja ikiwa imenukuliwa mara nne, naye ana 4. Tofauti kubwa iliyopo baina yao imefichika kabisa, na ndiyo sababu siwezi kukubali uamuzi uliotegemea namba hii peke yake.

Sasa tazama majina ya waandishi. Katika fizikia ya chembe za msingi, makala ya pamoja ya timu za ATLAS na CMS, majaribio mawili makubwa ya maabara ya CERN, iliyotoka mwaka 2015 ilikuwa na waandishi 5,154, na kurasa 24 kati ya 33 zilijaa majina na taasisi zao. Kuwemo humo hakukuelezi alichofanya mtu mmoja. Katika biolojia ya seli, wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya majaribio, na wa mwisho ndiye kiongozi wa maabara.

Hatua inayohitaji muda zaidi ni kusoma mtiririko wa miaka. Mwaka 1995 Betzig alichapisha peke yake makala fupi ya nadharia kuhusu namna hadubini inavyoweza kutofautisha molekuli zilizosongamana, kisha akafanya kazi katika kampuni ya mashine ya baba yake huko Michigan. Aliporudi kwenye sayansi, yeye na mwanafizikia mwenzake Harald Hess waliunda hadubini yao sebuleni kwa Hess, na wanabiolojia wa seli, akiwemo Jennifer Lippincott-Schwartz, wakawapa protini zing'aazo zinazoweza kuwashwa chache chache ili kitovu cha kila moja kipimwe kivyake. Makala ya mwaka 2006 katika jarida la Science ina waandishi tisa, Betzig wa kwanza na Hess wa mwisho. Kamati iliyohesabu makala kwa mwaka ingeona pengo tu katikati ya makala hizo mbili, wakati wazo la ya kwanza ndilo lililozaa ya pili.

Tenga pia makala za mbinu. Makala ya Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951 kuhusu kupima kiasi cha protini imenukuliwa zaidi ya mara 300,000, hasa kwa sababu maabara nyingi zilitumia kipimo hicho. Fungua baadhi ya makala zinazomnukuu mtu wako uone kama anatajwa kwenye sehemu ya mbinu au kwenye hoja yenyewe. Linganisha kila makala na nyingine za nyanja ileile na mwaka uleule. Makala iliyo mpakani mwa nyanja mbili ilinganishe na pande zote mbili. Kipimo cha umaarufu wa jarida usimpachike mtu: Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti (DORA), lililoanzia kwenye mkutano wa wanabiolojia wa seli mwaka 2012, linapinga jambo hilo waziwazi.

Katika ripoti andika jina la kanzidata na tarehe uliyochukua idadi, kisha chini ya kila makala uliyoisoma eleza kwa sentensi moja alichofanya mtu huyo mwenyewe.