Kabla Hujashika Brashi ya Resini

Mjomba wangu alikuwa fundi wa mashua. Juu alipaka sifa, yale mafuta ya samaki, chini alipaka deheni, yaani shahamu na chokaa, na harufu yake ilimtangulia msikitini. Watu walimcheka, lakini sifa haikumtia kizunguzungu hata siku moja. Mimi nikaenda kwenye boti za faiba, za nyuzi za kioo zinazopakwa resini, ile gundi ya maji inayoganda ikawa ngumu. Harufu ya resini ina utamu kidogo, kama peremende, na utamu huo ulinidanganya miaka sita ya mwanzo.

Nawaandikia vijana wanaoingia kwenye mabanda ya boti hapa Lamu. Wengi mnaanza kwa kubeba madumu na kukata mati ya nyuzi za faiba, na mwezi haujaisha mshapewa brashi. Hakuna anayewakalisha chini kuwaeleza mnachokivuta.

Mara nyingi theluthi ya resini au zaidi ni kemikali iitwayo stairini. Ukipaka, sehemu yake inaruka hewani na kuingia mapafuni mwako. Kichwa huwa kizito, macho yanawasha, koo linakauka, unakuwa kama mlevi ambaye hakunywa kitu. Ukiivuta miaka mingi inaweza kupunguza usikivu na uwezo wa kutofautisha rangi. Mwaka 2018 wataalamu wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo yumkini huleta saratani.

Pua usiitegemee. Baada ya nusu saa inazoea, na wewe unadhani hewa imesafika. Mimi nilijijua kwa Ijumaa. Banda letu hufungwa Ijumaa, na siku hiyo kichwa kilikuwa chepesi, chakula kikawa na ladha, watoto hawakunikera. Jumamosi saa nne asubuhi mambo yakarudi palepale. Nunua daftari, uandike siku ya kazi na siku ya mapumziko: kichwa, kifua, ngozi, usingizi. Ukienda hospitali mpe daktari daftari hilo, na umtajie jina lililoandikwa kwenye dumu. Mimi nilitibiwa malaria mara mbili kwa sababu nilisema tu "kichwa chaniuma".

Sasa kazi yenyewe. Anza na upepo. Mvuke wa stairini ni mzito kuliko hewa, unatuama ndani ya boti kama maji ya ngama. Ukiinama kupaka kwenye mkuku, kichwa chako kimo kisimani. Fungua banda pande mbili, kusi au kaskazi ipite. Kama kuna feni, iweke ivute hewa kutoka chini na kuitupa nje. Feni ya kukupulizia usoni inakupa ubaridi tu. Na upepo usiupe mgongo. Nilifanya hivyo miaka mingi nikijiona mjanja, kumbe mwili wako unaukinga upepo na mvuke unazunguka mbele ya kifua chako. Simama upepo ukupite ubavuni.

Barakoa ile ya kitambaa au ya karatasi ni ya vumbi. Mvuke unapita humo kama mbu kwenye neti iliyotoboka. Inayofaa ni ya mpira yenye vichujio vya mkaa maalumu, vile vya mvuke wa kemikali. Ukimaliza kazi, itie kwenye mfuko wa plastiki na uufunge vizuri, maana mkaa ukiachwa wazi unaendelea kunyonya hata ukiwa umelala. Siku utakayosikia harufu ndani ya barakoa, vichujio vimekwisha au haikukaa sawasawa; usiposikia pia usijiamini, maana pua inazoea.

Kuna jambo nalisema kwa heshima: barakoa hiyo haikai sawasawa juu ya ndevu. Mimi ni mtu wa ndevu na sitamwambia mtu azinyoe. Lakini ujue kwamba upepo ndio kinga yako kubwa, kwa hiyo usikubali kulala ndani ya boti iliyofunikwa ukapaka.

Na maziwa? Mwajiri wangu wa kwanza alitugawia paketi moja kila jioni, eti "yasafishe kifua". Barakoa hakutupa. Maziwa yanakwenda tumboni, na stairini iko mapafuni na damuni. Tulikunywa, tukashukuru, tukaendelea kukohoa.

Katalisti, dawa inayotiwa kwenye resini ili igande, ndiyo niiogopayo kuliko yote. Ni maji maangavu yasiyo na rangi, hayatishi kwa macho. Tone moja likiingia jichoni laweza kukupofua. Mwenzangu alikuwa akifungua chupa bila miwani, kizibo kikaruka. Tulimshika kichwa, mmoja akifungua kope kwa vidole, mwingine akimimina maji ya dumu taratibu, dakika ishirini kamili, naye anapiga kelele tumwachie. Hatukumwachia. Kisha tukampakia kwenye boti kwenda hospitali. Jicho lilipona, ila linatoa machozi kwenye jua. Tangu siku hiyo dumu la lita 20 la maji safi linakaa karibu na meza ya kuchanganyia, na atakayelitumia kupikia chai tutagombana.

Kipimo ni mililita 10 hadi 20 kwa kilo ya resini, na kwa joto letu mara nyingi 10 zinatosha. Ukizidisha ili kazi ikauke upesi, kopo linachemka, linatoa moshi, na moshi huo ni mbaya kuliko mvuke wa kawaida. Litoe nje mchangani, usiliinamie. Kama kwenu resini inakuja bila kobalti, dawa ya kuharakisha kuganda, na mnaitia wenyewe, ikorogeni kwanza kwenye resini mpaka ipotee, ndipo katalisti ifuate. Mbili hizo zikikutana zenyewe bila resini zinaweza kulipuka.

Mikono usiioshe kwa asitoni. Najua inatoa resini mara moja. Inatoa na mafuta ya ngozi, halafu mikono inapasuka na kila kitu kinapenya. Vaa glavu. Resini ikikupata, ifute na kitambaa kabla haijakauka, kisha sabuni na maji. Vumbi la faiba ukishapiga grainda usilisugue: libandue kwa utepe wa gundi, ndipo ukoge.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kinga. Ukiumia, ipo Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ya mwaka huohuo, inayohesabu pia magonjwa yatokanayo na kazi. Mwambie msimamizi siku hiyohiyo, mbele ya shahidi, uandike tarehe. Mwajiri akishapewa habari ya ajali ana siku saba za kuiripoti. Kibarua wa kutwa naye ni mfanyakazi, asikudanganye mtu.

Mke wangu aliniambia mwaka wa kwanza wa ndoa kwamba nanuka kama boti mpya. Nilicheka. Kisha mtoto akaanza kujikuna shingo kila nikimbeba. Siku hizi shati la kazi linabaki bandani kwenye msumari, nalifua hukohuko kwenye ndoo yake, na nyumbani narudi na kikoi.