Mrututu, bamba na mti wa Mangi Meli

Kwetu Old Moshi mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba (salfeti ya shaba), ni dawa ya kahawa. Leo mrututu huo utakula bamba la aluminiamu, yaani utachimba mistari ya picha tutakayochapa kwa wino.

Picha ninayofundishia ni ya ule mti ambao Wajerumani walimnyongea Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, na wenzake, tarehe 2 Machi 1900.

1. Tafuta bamba la aluminiamu lililokwishatumika kiwanda cha uchapaji. Piga tupa kingo, la sivyo zitachana karatasi. Sugua kwa majivu mpaka maji yatandae juu yake bila kukatika.

2. Paka nta ya nyuki iliyoyeyushwa na lami kidogo. Mgongo wa bamba uzibe kwa selotepu. Chora kwa sindano: unakwangua nta tu. Picha itatoka kinyume, kwa hiyo wa kulia mchore kushoto.

3. Maji lita 1, mrututu gramu 50, chumvi gramu 50. Ndoo ya plastiki, glavu, na uwe nje, maana mapovu yale ni gesi inayoshika moto. Lizamishe bamba humo; shaba nyekundu itajaa kwenye mistari. Ifagie taratibu kwa unyoya wa kuku.

Sasa penye kazi. Litoe bamba mapema, lioshe, likaushe, ziba kwa vanishi unavyotaka vififie, kisha lirudishe. Vilivyoachwa wazi vitazidi kuliwa na vitachapika vyeusi. Jacques Callot, mchapaji picha wa Nancy (leo Ufaransa), alitumia mbinu hiyo mwaka 1633, kwenye picha ya wezi walionyongwa wote mti mmoja. Miili ni midogo, nyuso hazionekani vizuri, na chini ya mti watu wanacheza kete juu ya ngoma. Zile kete zinanitisha kuliko kamba. Mimi nilianza na uso wa Meli, mkubwa, macho wazi. Nikaona haya, nikalifuta bamba zima. Siku hizi kamba naziziba mapema, waliosimama kutazama nawaacha waliwe hadi mwisho.

4. Futa nta kwa mafuta ya taa, jaza wino mzito, pangusa kwa chandarua chakavu, chapa kwenye karatasi iliyolowekwa.

Swali, Sakina: Shikamoo mwalimu. Bati la kuezekea linafaa?
Marahaba. Halifai. Zinki yake ni ngozi tu. Utafika kwenye chuma kabla mstari haujapata kina.

Swali, Kiborloni: Sina mashine ya kuchapia.
Bamba likiwa dogo kama postikadi, kandamiza kwa mgongo wa kijiko. Itatoka hafifu, ila makosa yako utayaona.

Swali, Rau: Maji yaliyobaki nimwage migombani?
Usithubutu, wala kwenye mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia. Yatie kwenye dumu lenye kifuniko, liandike SUMU. Ubuluu ukififia, ongeza mrututu uendelee.