Jinsi ya kuonyesha barua ya zamani ya vita bila kuimaliza

Barua ya askari ikitundikwa mkabala na dirisha huanza kufifia taratibu, na anayeiona kila siku ndiye wa mwisho kugundua. Wino uliofifia haurudi. Kwa hiyo, kabla ya kufikiria fremu, jua kwanza una karatasi gani na imeandikwa kwa wino au penseli ya aina gani.

Nawa mikono, ikaushe kabisa, ulaze barua juu ya meza safi. Glavu za pamba hazifai hapa: hunasa kwenye kingo zilizochanika, na vidole havihisi karatasi inapoanza kulegea. Chukua lenzi uangalie maandishi. Wino mweusi uliogeuka kahawia, wenye kivuli cha kahawia kuzunguka herufi, kwa kawaida ni ule wa chumvi ya chuma na tanini. Huo hula karatasi, hasa penye unyevu, na barua ya aina hiyo usiikunje hata kidogo, kwani mistari iliyoandikwa ndiyo hupasuka kwanza. Maandishi ya kijivu yenye madoa ya zambarau hapa na pale ni ya penseli ya rangi ya anilini, iliyotumiwa sana na askari wa Vita Kuu ya Kwanza kwa sababu haikuhitaji chupa ya wino na haikufutika kirahisi. Tone moja la maji linatosha kuisambaza.

Kikaratasi kidogo chenye maandishi yaliyopunguzwa ukubwa huenda ni Airgraph ya Uingereza, iliyoanza 1941, au V-mail ya Marekani ya 1942 hadi 1945. Barua yenyewe ilipigwa picha, filamu ikasafirishwa, ikachapishwa upya karibu na mpokeaji. Ulicho nacho basi ni picha. Hapa ndipo glavu zinahitajika, zile za mpira wa nitrili, maana mafuta ya vidole huacha alama juu yake.

Iskani kabla ya kuifanyia lolote: nukta 600 kwa inchi, kila ukurasa, pamoja na bahasha na pande zisizoandikwa kitu. Mihuri ya mkaguzi wa jeshi na namba za posta ya vitani mara nyingi ziko nyuma, na hizo ndizo zitakazokusaidia kujua barua ilipita wapi. Askari wengi walikatazwa kutaja walipo.

Pini yenye kutu usiivute. Penyeza kipande chembamba cha plastiki ya poliesta kati ya chuma na karatasi, upande wa mbele na wa nyuma, kisha nyanyua miguu ya pini mmoja mmoja. Selotepu ya zamani iache ilivyo, kwa sababu gundi yake imeshaingia kwenye nyuzi na ukiibandua utaondoka na maandishi. Mikunjo ikiwa bado laini, weka barua kati ya karatasi mbili za kukaushia, juu yake bamba la kioo, uiache siku chache. Ikigoma, ionyeshe ikiwa imekunjwa. Kuilainisha kwa mvuke ni kazi ya mhifadhi aliyesomea, na kwa penseli ya zambarau hata yeye atasita.

Sasa mwanga, ambao ndio shida kubwa. Madhara yake hujumlika: barua haisahau saa hata moja iliyokaa mwangani. Kiwango kinachokubalika kwa karatasi na wino ni luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), ambacho mgeni anayetoka juani ataona kama giza hadi macho yake yazoee. Piga hesabu. Luksi 50 kwa saa 8 kwa siku 90 ni saa-luksi 36,000, yaani luksi mara saa. Chini ya taa ya luksi 200, barua hiyo hiyo inamaliza fungu hilo kwa siku 22 na nusu. Pima kwa kipimamwanga halisi, ukikiweka pale pale karatasi ilipolala. Programu za simu hupishana sana, zitakupa makadirio tu. Taa za LED hazitoi mionzi ya urujuanimno ya kutia wasiwasi, lakini mwanga wa jua na mirija ya floresenti hutoa, hivyo dirisha libandikwe filamu ya kuchuja. Filamu hiyo haizuii ufifiaji wote, maana mwanga unaoonekana nao hufifisha. Dawa rahisi ni pazia zito juu ya kasha la maonyesho, ambalo mgeni hulifunua mwenyewe.

Miezi mitatu kwa mwaka inatosha. Muda uliobaki onyesha nakala iliyochapishwa vizuri, na uandike wazi kwamba ni nakala. Wageni hawachukii nakala, wanachochukia ni kudanganywa.

Barua isigusane na kioo, kwani unyevu ukigandia hapo wino huhamia kwenye kioo. Ilaze juu ya kadibodi isiyo na asidi, uishike kwa pembe nne za poliesta zilizokunjwa kama mifuko midogo. Acha milimita moja au mbili kila pembe ili karatasi ipate kupanuka na kusinyaa. Gundi isiguse barua mahali popote, ikae kwenye kadibodi tu. Kama ni fremu, paspatu (kadibodi iliyokatwa dirisha, inayokaa kati ya barua na kioo) iinue kioo kwa milimita 3 au 4. Kama ni kasha, mwinamo usizidi digrii 30.

Kasha la mbao mpya hutoa mvuke wa asidi, mbao za mwaloni na MDF (mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) zikiwa mbaya zaidi. Rangi iliyopakwa ndani ipewe wiki nne ikauke. Taa zikae nje ya kasha, zisilipashe joto. Unyevu ukae kati ya asilimia 40 na 55, na usipande na kushuka ghafla. Ukipita 65 tarajia ukungu.

Kwenye maelezo, nakili maandishi kama yalivyo, makosa ya tahajia yakiwemo, na neno unalolikisia liweke kwenye mabano ya mraba. Hadithi ya familia kuhusu barua ilinganishe na tarehe ya muhuri na namba ya kikosi kabla ya kuibandika ukutani. Pia, katika nchi nyingi anayemiliki karatasi si lazima amiliki haki ya kuchapisha maneno yake. Haki hiyo huwa ya mwandishi au warithi wake, basi waulize kabla ya kuiweka mtandaoni.

Muda wa maonyesho ukiisha, rudisha barua bapa ndani ya folda isiyo na asidi, na juu ya folda andika kwa penseli saa-luksi ilizotumia.