Jinsi ya Kutafuta Taarifa za Kuaminika Kuhusu ADHD: Mwongozo kwa Wazazi na Watu Wazima

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Moshi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa na wazazi ambao wamekwisha kusoma mengi kwenye simu kabla hawajafika kwangu. Wengi huja na jibu tayari: mtoto ana ADHD (hali ya kushindwa kuweka umakini au kutulia kupita kawaida), au mtoto hana lolote ila amedekezwa. Ninaowafurahia zaidi ni wale wanaokuja na maswali, na mwongozo huu unakusudia kukusaidia uwe mmoja wao.

Hatua ya 1: Andika unachokiona kabla ya kutafuta

Chukua daftari, na kwa wiki mbili uandike matukio yenyewe. Ukiandika "ni mtukutu" umekwisha kuhukumu, lakini ukiandika "aliinuka mara nne kabla ya kumaliza ugali, kisha nikamtuma dukani akarudi mikono mitupu kwa kuwa alisahau alichotumwa," umetoa taarifa ambayo mtaalamu anaweza kuifanyia kazi. Andika saa, mahali, waliokuwapo, na mtoto alilala saa ngapi usiku uliotangulia. Mwombe na mwalimu wa darasa aandike mistari michache bila kumwonyesha uliyoandika wewe. Mtu mzima anayejitafutia majibu aandike ya kwake, kama vile marejesho ya kikoba aliyosahau au mzigo wa mitumba aliouacha nusu bila kuuchambua, kisha amwulize mama au shangazi aliyemlea alikuwaje alipokuwa shule ya msingi.

Hatua ya 2: Chagua maneno ya kutafutia

Kiswahili bado hakina jina moja lililokubalika kwa hali hii. Wengine huiita tatizo la upungufu wa umakini na utundu uliokithiri, na wengine huichanganya na usonji, ambao ni hali nyingine ingawa mtu mmoja anaweza kuwa na zote mbili. Tumia herufi ADHD, kisha ongeza umri na jambo lenyewe: usingizi, shule, dawa, kazi. Ukitumia tafsiri ya mashine, usishangae kukuta "tahadhari" mahali ambapo sisi tungesema umakini. (Hata hilo neno utundu linapotosha: wapo watoto, wakiwamo wasichana wengi, wanaokaa kimya darasani huku mawazo yako mbali, hawamsumbui mwalimu, na kwa sababu hiyo hakuna anayewatazama mara mbili.)

Hatua ya 3: Anzia kwa wanaoonyesha walikopata wanayoyasema

Shirika la Afya Duniani lina mwongozo uitwao mhGAP, ambao toleo lake la pili lilitoka mwaka 2016. Uliandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya wasio mabingwa wa akili, una sehemu ya watoto na vijana, na unapatikana bure. Uingereza wana mwongozo wa NICE, taasisi yao inayotoa miongozo ya afya, wenye namba NG87, uliotolewa mwaka 2018, ambao unaeleza hata mambo wasiyoyapendekeza. Mwaka 2021 Shirikisho la Dunia la ADHD lilichapisha tamko lenye hoja 208 zilizofungamanishwa na tafiti. Ni refu, lakini husomi lote, unatafuta hoja inayogusa swali lako. Angalia pia kwamba nyaraka hizi zimeandikwa kwa nchi tofauti, kwa hiyo huduma zinazotajwa na NICE si lazima uzikute Moshi au Arusha, ingawa maelezo ya hali yenyewe yanabaki yale yale.

Hatua ya 4: Pima ukurasa kwa vigezo vya utambuzi

Hapa ndipo watu wengi hupotea, nami nilipotea. Miaka kadhaa iliyopita nilichapisha stesheneri dodoso la maswali kumi nililolikuta mtandaoni, nikawagawia wazazi, na baadaye mzazi mmoja ndiye aliyenionyesha kwamba mwisho wa ukurasa ule kulikuwa na tangazo la vidonge vya mafuta ya samaki vya mwenye dodoso. Alikuwa amekwisha kuvinunua. Mtoto wake alipopimwa, ikaonekana sikio moja lilikuwa likitoa usaha kwa muda mrefu na hakuwa akisikia vizuri darasani.

Tangu hapo napima kila ukurasa kwa vigezo vya DSM-5, kitabu cha utambuzi kilichotolewa na madaktari wa akili wa Marekani mwaka 2013. Kinataka dalili ziwe zimedumu angalau miezi 6, baadhi yake ziwe zilianza kabla ya umri wa miaka 12, zionekane katika mazingira mawili au zaidi kama vile nyumbani na shuleni, na ziwe zinavuruga maisha. Mtoto huhitaji dalili 6 kati ya 9 za upande mmoja (ama wa kukosa umakini, ama wa kutotulia na kutenda bila kufikiri), na kuanzia miaka 17 dalili 5 zinatosha. Kwa hiyo jiulize kama ukurasa unaousoma unataja muda, umri na mazingira zaidi ya moja, na kama unakukumbusha kwamba usikivu hafifu, macho, kifafa kisicho na degedege la kuonekana, usingizi mbaya au hofu vinaweza kufanana na ADHD. Ukurasa unaoruka yote hayo na kukupa jibu ndani ya dakika moja, uache. Watafiti wa Kanada walipochunguza mwaka 2022 video 100 za ADHD zilizotazamwa sana TikTok, walikuta 52 zinapotosha. Nyingi zilichukua mambo yanayompata kila mtu zikayaita dalili.

Kuhusu mafuta ya samaki, NICE wanasema wazi kwamba wahudumu wa afya wasishauri familia kuyatumia kama tiba ya ADHD ya mtoto.

Hatua ya 5: Usinunue dawa kwa kusoma

Methylphenidate, dawa inayotajwa zaidi, imo katika Jedwali la II la Mkataba wa Kimataifa wa mwaka 1971 wa dawa zinazoathiri akili, na mtumiaji hupimwa uzito, mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Anayekuuzia kwa ujumbe wa simu bila cheti cha daktari anavunja sheria. Usajili wa dawa yoyote uulize TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Hatua ya 6: Peleka daftari kwa mtaalamu

Moshi unaweza kuanzia hospitali ya Mawenzi au ya KCMC, na Arusha unaweza kuanzia hospitali ya Mount Meru. Uliza kliniki ya watoto au ya afya ya akili. Beba daftari lako, barua ya mwalimu, ripoti za shule za miaka iliyopita na kadi ya kliniki ya mtoto. Andika maswali matatu tu kwenye karatasi ya juu, kwa sababu foleni ni ndefu na la nne mara nyingi halifikiwi. La kwanza, kwa maoni yangu, liwe hili: ni kitu gani kingine kinachoweza kuleta dalili hizi, na tumekwisha kukipima?