Kata kwenye karatasi kabla hujawasha grenda

Karakana nyingi za magrili na mageti zina kona yenye lundo la vipande vya skwea paipu, yaani paipu za chuma za pembe nne. Kila mtu anasema "vitatumika", halafu mwisho wa mwezi anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Chuma ulichonunua kwa bei ya dukani kinaondoka kwa bei ya kilo. Ndugu fundi, kabla hujafikiria kupandisha bei kwa mteja, anza na kona hiyo.

Hatua ya 1: Pima lundo

Usiuze chakavu kwa wiki mbili. Kila Jumamosi jioni pima lundo, andika kilo ukutani kwa chaki, na pembeni yake idadi ya paipu mlizokata. Usimgombeze mtu. Vijana wakihisi namba hiyo inatafuta wa kulaumiwa, vipande vitatupwa nyuma ya ukuta na hesabu yako itakuwa ya uongo.

Hatua ya 2: Pima paipu inaposhushwa

Tumezoea kusema paipu ni mita 6, lakini zipo za mita 5.8, zinazokatwa hivyo ili ziingie kwenye kontena la futi 20, ambalo ndani halifiki mita 6. Vuta futi kamba kabla hujasaini risiti.

Hatua ya 3: Andika karatasi ya ukataji

Hapa ndipo pesa ilipo, kwa hiyo twende polepole. Umepata kazi ya fremu za madirisha 6, kila moja inataka vipande 2 vya mita 2.2 na 2 vya mita 1.5. Jumla ni virefu 12 na vifupi 12.

Fundi mwenye haraka anaanza na virefu: paipu 6, kila moja inatoa viwili, na mabaki ya karibu mita 1.6 yanarushwa konani. Kisha anavuta paipu mpya kwa ajili ya vifupi. Kichwani mwake, 6 gawanya kwa 1.5 ni 4. Lakini diski ya grenda ya milimita 3 inakula chuma kila inapopita. Mikato mitatu ni milimita 9, na kipande cha nne kinatoka kifupi kwa milimita hizo hizo 9. Vifupi 12 vinamaliza paipu 4. Jumla amekata paipu 10.

Sasa kaa na kalamu. Chora mistari 8, kila mstari paipu moja. Kwenye mistari 6 andika 2.2 + 2.2 + 1.5. Hiyo ni mita 5.9, toa mikato, kinabaki kipande cha sentimita 9 tu. Kwenye mistari 2 ya mwisho andika 1.5 mara tatu, na kila mmoja utakuachia kipande kizima cha mita 1.49. Vipande vyote 24 vimepatikana kwa paipu 8. Paipu 2 zimebaki dukani kwa dakika 10 za hesabu.

Paipu zikiwa za 5.8 mpango huo haufai, maana baada ya virefu viwili inabaki chini kidogo ya mita 1.4. Panga upya: paipu 6 za 2.2 + 1.5 + 1.5, na 3 za virefu viwili viwili. Zinatosha 9.

Bandika karatasi juu ya meza ya kukatia. Kila mstari ukikatwa, ufutwe.

Hatua ya 4: Pima tundu la dirisha mara tatu

Upana: juu, katikati, chini. Kisha kimo: kushoto, katikati, kulia. Kwa kila kimoja fuata kipimo kidogo kuliko vyote. Niliwahi kupima juu peke yake, grili likafika saiti likiwa limezidi sentimita 2 upande wa chini. Likarudi na kirikuu, likakatwa, likachomelewa na kupakwa rangi upya. Kazi ile haikuniachia hata senti.

Hatua ya 5: Rodi

Rodi ya kuchomelea ya sentimita 35 ichomwe mpaka ibaki kipisi cha 5. Kijana akiitupa ikiwa na 10, katika kila boksi 6 moja limekwenda jalalani. Zihifadhi pakavu, juu ya sakafu.

Hatua ya 6: Rafu ya mabaki

Kila kipande kinachozidi sentimita 30 kiandikwe urefu kwa chaki na kisimamishwe kwenye rafu, vifupi mbele. Hakuna kufungua paipu mpya kabla ya kupita hapo. Inaokoa chuma na inaokoa kuzunguka ukitafuta. Taiichi Ohno wa Toyota alitaja aina 7 za upotevu kiwandani, na Kijapani upotevu huitwa *muda*. Neno hilo ninalo akilini kila ninapomwona fundi anazunguka karakana akiuliza futi kamba iko wapi.

Mwezi ukiisha pima lundo tena, gawanya kilo kwa idadi ya paipu mlizokata, maana mwezi wenye kazi nyingi huwa na chakavu kingi. Namba ikishuka, katika pesa iliyookolewa mimi huwatolea vijana fungu lao Jumamosi ileile, palepale mbele ya mizani.